Ruhusa ya Marehemu

Madirisha yetu yalifunguliwa na watu wengine, mchana kweupe, nami nikiwa na kipande cha chipa, mkate wetu wa jibini, mdomoni.

Ilikuwa Jumapili ya mazoezi ya wazi. Kila klabu ya karnivali hapa mjini kwetu Encarnación hufanya mazoezi ya aina hiyo kabla ya msimu, barabarani, bila mapambo yote, na sisi wa Karumbe hatukosi kwenda kuwazomea wapinzani wetu wa Mainumby. Wao nao huja kwetu. Wanatuita kobe, kwa sababu hiyo ndiyo maana ya jina letu, na kwa sababu tumezoea kushika nafasi ya tatu. Jina lao wao ni la yule ndege mdogo anyonyaye maua, nasi tunawaita ndege wa maua ya plastiki. Kwa kawaida hakuna anayekasirika.

"Kobe mmefika? Mlianza safari juzi nini?" mmoja wao alitupigia kelele.

"Tumekuja polepole ili tuione aibu yenu vizuri," nikamjibu, nikaumega mkate wangu nikala.

Ndipo akatokea mchezaji wao wa majaribio amevaa sketi ya buluu, pana. Akazunguka. Vijidirisha vya kitambaa vilivyoshonwa juu ya sketi vikafunguka vyote kwa mpigo mmoja, na nyuma yake kukawa na rangi ya njano, kama nyumba za watu taa zikiwashwa jioni.

Sketi ile niliichora mimi. Niliichora kwa ajili ya binti yangu Yerutí, aliyechaguliwa kubeba bendera ya Karumbe mwaka huu. Na mada yenyewe, Mtaa Ulio Chini ya Maji, ni ya kwetu kabisa. Nusu ya wanachama wetu tulizaliwa katika ule mtaa wa chini ambao mto Paraná uliumeza baada ya bwawa kujengwa. Baba yangu aliuza kofia pale. Watu wa Mainumby ni wa mtaa wa juu. Hawana hata sufuria moja chini ya maji yale.

Zunilda alikuwa pembeni yangu. Zunilda ni rafiki yangu tangu tukiwa watoto wa kuchezea matope ya mtaa huohuo, ndiye mama wa ubatizo wa Yerutí, na ndiye msimamizi wa mavazi wa klabu. Alinikamata mkono.

"Nimia, shoga yangu, niambie naota," akasema. Machozi yalikuwa yanamtoka.

Nikamkumbatia. Mimi ndiye niliyembembeleza yeye. Kila nikikumbuka hilo, damu inanichemka upya.

Kesho yake jioni tuliitwa ukumbini. Mwenyekiti wetu, Mzee Wenceslao, ni mjukuu wa wahamiaji wa Kiukraini, mtu wa sauti nzito asiyependa maneno mengi. Alikuwa ameweka kompyuta juu ya meza, chini ya picha ya Bikira wa Caacupé. Kamati yote ilikuwepo.

"Nimia," akaanza, "sanduku la barua pepe la klabu, funguo zake anazo nani?"

"Mimi, mzee. Unajua."

Kweli alijua. Mchana mimi hufanya kazi hiyohiyo kwenye kampuni ya soya: natunza barua pepe za watu, natoa ruhusa za nani asome nini, naziondoa mtu akihama. Jioni nilikuwa nawafanyia Karumbe bure. Sanduku la klabu ni moja, ila ndani yake kuna folda, na kila folda ina orodha ya watu walioruhusiwa kuifungua. Folda ya Karnivali, ambayo ndiyo yenye siri za msimu, ilikuwa ya watu watatu tu: mwenyekiti, Zunilda na mimi.

"Na hii folda iliyo ndani ya Karnivali, yenye michoro ya mtaa wetu. Mbona ina huyu?"

Akaigeuza kompyuta, akaweka kidole juu ya kioo. Eliodoro Sanabria. Eliodoro alikuwa fundi wetu wa mavazi kwa miaka mingi, kisha akahamia Mainumby, na sasa ndiye anayebuni kila wanachovaa. Hakuna aliyejali kusoma majina mengine. Hilo moja liliwatosha.

"Sikumpa mimi," nikasema.

"Lilijipa lenyewe?" akauliza Bi Eusebia, mjane wa mpiga ngoma wetu mkuu. "Mwanangu, jina haliingii humo kwa miguu yake."

"Nani mwingine anaweza kutoa ruhusa?" Mzee Wenceslao akauliza.

Anayeweza ni mimi peke yangu.

Zunilda akasimama. "Nawaambieni, Nimia hawezi kufanya kitu hicho. Namjua kuliko mama yake alivyomjua. Hiyo folda ya mtaa niliitengeneza mimi mwenyewe, hapahapa, siku ile Nimia alipompeleka Yerutí kupimwa miguu kwa fundi viatu, mnakumbuka? Niulizeni mimi kama kuna swali. Mambo ya ruhusa siyajui, hayo ni yake, lakini moyo wake naujua." Akainua mkono kuelekea kwenye picha. "Na mimi naapa mbele ya Bikira: sijampa Eliodoro ruhusa, sijamtumia picha, sijamwambia neno. Anayetaka na aape pia."

Wote wakaapa. Nami nikaapa, ila macho yalikuwa yamenigeukia, na kiapo cha mwenye funguo kinasikika vibaya. Mzee Wenceslao alisema kura itapigwa Jumamosi. Sheria ya Karumbe ni ya zamani na haina huruma. Anayefukuzwa kwa kuuza mada, jamaa yake yote haitembei chini ya bendera yetu. Maana yake Yerutí, aliyeanza kuiota bendera ile tangu hajui kufunga kamba za viatu, angekaa nyumbani.

Zunilda alinisindikiza mpaka mlangoni kwangu. "Usilie mbele ya mtoto," akaniambia. "Jumamosi nitakutetea mpaka sauti inikauke."

Siku iliyofuata, wakati wa chakula cha mchana, niliifungua ile folda kazini na kuyasoma majina yote. Wenceslao, Zunilda, mimi, Eliodoro. Na chini kabisa, Cantalicio.

Nikarudia kusoma. Mzee Cantalicio ndiye marehemu mume wa Bi Eusebia. Tulimzika na ngoma yake.

Folda nyingine moja tu katika sanduku zima, pamoja na zilizo ndani yake, ilikuwa bado na jina la marehemu. Inaitwa Kumbukumbu, na ina picha za miaka ya nyuma. Cantalicio alipofariki nilitaka kumfuta, kamati ikanikatalia. Wacha mzee abaki na picha zake, wakasema. Na Eliodoro alipohama, kamati hiyohiyo ilikubali abakishwe kwenye Kumbukumbu, aangalie mavazi aliyoshona kwa mikono yake, maana picha za zamani hazina siri. Mzee Wenceslao mwenyewe aliinua mkono.

Sasa nieleze kidogo jinsi sanduku linavyofanya kazi, maana hapo ndipo nilipochomwa. Folda mpya ikizaliwa ndani ya folda nyingine, inarithi ruhusa za mzazi wake kama zilivyo siku hiyo. Haiulizi, wala mtu haandiki jina lolote, na kila aliye kwenye orodha huiona akifungua sanduku. Baada ya hapo kila mmoja na lwake: ukimfuta mtu kwa mzazi leo, mtoto aliyekwisha kuzaliwa bado anamtambua. Na ukimhamisha mtoto kwa mzazi mwingine, anahama na urithi wake wa kwanza. Unaweza kumlaza katika nyumba ya watu watatu, na bado akawafungulia mlango watu watano wa nyumba aliyozaliwa.

Folda ya mtaa wetu haikuzaliwa Karnivali. Ilizaliwa Kumbukumbu, ikachukua majina matano, kisha ikahamishwa kimyakimya mahali inapotakiwa kuwa. Hakuna aliyempa Eliodoro ruhusa. Alirithiwa, pamoja na marehemu.

Na aliyeitengeneza folda alikuwa amejitaja mwenyewe mbele ya Bikira.

Jamani, nilitafuta kila njia ya kumwokoa rafiki yangu. Nilijiambia alikosea mahali pa kubonyeza, akagundua, akaihamisha, akaona haya kusema. Nilitaka iwe hivyo kwa moyo wangu wote. Nilikaa pale mkate wangu wa muhogo ukipoa, nikimtungia visingizio mmoja baada ya mwingine. Kisha nikakumbuka uani kwake, mwezi wa Julai, baridi, tukinywa matee, chai yetu ya majani, ya moto. Ni mimi niliyemfundisha. Nilimfundisha kwa mfano wa wazazi na watoto, akacheka, akaniuliza, "Na ukimhamisha mtoto, je?" Nikamjibu kwamba anahama na ruhusa zake. "Kumbe!" akasema, akanijazia kikombe.

Nilitoka kazini nikaenda kwake moja kwa moja, sikupita hata kwangu.

Joto lilikuwa la kuua mtu. Zunilda alikuwa uani, chini ya kivuli cha paa la bati, na chupa kubwa ya maji ya barafu na majani ya tereré, yaani matee ya baridi. Kwetu kinywaji hicho hakinywewi peke yako. Mmoja anamimina, kikombe cha pembe na mrija wake wa chuma vinazunguka, wote mnanyonya palepale. Usiposema kitu, unajaziwa tena. Siku ukisema asante, umemaliza, hutaki tena.

"Karibu, shoga! Kaa, unachuruzika jasho utadhani umetoka kulima." Akanimiminia.

Nilinyonya, nikarudisha kikombe. Nyuma yake, juu ya kamba ya nguo, vilikuwa vimeanikwa viatu virefu vya kuchezea, vya kijani na dhahabu. Kijani na dhahabu ni rangi za Mainumby.

"Vya nani vile?" nikauliza.

Mkono wake ulisimama juu ya chupa. "Vya Arami."

Arami ni binti yake. Alizaliwa mwaka mmoja na Yerutí, walinyonyeshwa uani huohuo.

"Arami anabeba bendera ya Mainumby?"

"Watatangaza wiki ijayo." Alisema akitazama majani kwenye kikombe. "Nilikuwa nikuambie."

"Na folda ya mtaa uliizalia Kumbukumbu. Nayo ulikuwa uniambie?"

Akafanya kitu ambacho sikukitarajia. Akacheka, kicheko kidogo cha uchovu. "Nilijua kama kuna mtu ataona, ni wewe. Wale wazee hata wangetazama mwaka mzima wasingeona."

"Zunilda, umeapa! Mbele ya Bikira!"

"Na kiapo changu ni cha kweli. Nimempa nani ruhusa? Nimemtumia nani picha? Nilifungua folda, basi. Kama Eliodoro ana macho, hayo ni ya kwake."

"Usinifanye mtoto mdogo!"

"Wewe ndiye usiyejua kitu!" Sasa alikuwa amesimama. "Misimu miwili Arami kaomba bendera. Miwili! Mara ya kwanza mkasema bado mdogo, mara ya pili mkampa Yerutí, mdogo mwenzake! Na mama yake Yerutí yuko kwenye kamati, anachora sketi, ana funguo za sanduku. Arami alilia mpaka akatapika, nami nikaja kwako na keki ya kumpongeza wa kwako. Ulimwona Arami siku ile? Ulimuuliza hata hali?"

Sikuwa nimemuuliza, na hilo liliniuma. Lakini halikuniuma kiasi cha kumsamehe, na sitadanganya hapa kwamba liliniuma hivyo.

"Ungenitukana," nikamwambia. "Ungekuja ukanipasulia vyombo. Ungempeleka Arami Mainumby hadharani, ningelia, ningewazomea, tungepatana Pasaka. Lakini madirisha yale, Zunilda, la kwanza pale kiunoni ni la kwenu! Nililichora na kile chungu cha mama yako!"

"Najua."

"Na Jumamosi? Ungekaa pale unitetee mpaka sauti ikukauke, huku ukiniacha nifukuzwe?"

Akakaa tena. Akamimina maji polepole, kikombe kikajaa. "Ni klabu tu, Nimia. Wangekusamehe mwakani. Nani mwingine atawatunzia sanduku bure?"

Akaninyooshea kikombe. Sijui kama ilikuwa mazoea au kuomba radhi. Maji yakamwagika kidogo juu ya vidole vyake.

"Asante," nikasema.

Alibaki ameunyoosha mkono hewani. Nilitoka bila kufunga geti.

Jumamosi Zunilda hakutokea. Mzee Wenceslao alitaka kura ipigwe upesi kwa sababu ya joto. Nikaomba nipewe kompyuta kwanza. Nilitengeneza folda tupu ndani ya Karnivali, nikawaonyesha orodha yake: majina matatu. Nikatengeneza nyingine tupu ndani ya Kumbukumbu, sikugusa kitu kingine, yakatokea matano. Kisha nikawafungulia ile ya mtaa wetu, nikamwomba Bi Eusebia asome mpaka chini.

Alivaa miwani. Alisoma. Akajishika kifua.

"Mzee wangu? Mpaka leo anasoma barua za klabu? Huyu ambaye hata simu zangu alikuwa hapokei?"

Watu wakacheka, kisha wakaelewa mmoja mmoja, kicheko kikafa. Hakuna aliyeuliza folda ilitengenezwa na nani. Wote walikuwa wamemsikia Zunilda akisema.

Mzee Wenceslao alinishika bega. "Nimia, binti yangu, tuwie radhi."

"Mmenijua tangu natambaa," nikamwambia. "Mlihitaji jina la marehemu ndipo mniamini." Nikauondoa mkono wake begani.

Wiki iliyofuata nilimwondoa Zunilda kwenye sanduku. Ukiondoa jina juu, watoto wote wa chini bado wanalo, kwa hiyo nilishuka folda moja moja. Mazoezi ya mwaka wa mafuriko, Zunilda. Nyimbo, Zunilda. Sherehe ya ubatizo wa Yerutí, ambayo tuliifanyia ukumbini, Zunilda, na picha yake akiwa amemshika mtoto utadhani atanyang'anywa. Nilifuta. Nilikuwa nalia na kufuta. Sikuacha hata moja.

Madirisha tuliyafumua yote. Hatukutaka watu waseme kobe wameiga ndege. Tukarudia mavazi ya zamani ya magamba, na Yerutí akapata sketi ya kahawia isiyo na ajabu yoyote. Hakunung'unika. Lakini nilipomwambia kwamba mama yake wa ubatizo si mtu wetu tena, na kwamba asimtaje mbele yangu, aliichukua sketi yake akaingia chumbani.

Usiku wa kwanza wa karnivali, Mainumby walipita kabla yetu. Arami alizunguka, madirisha yakafunguka, na jukwaa zima likasimama. Alipendeza. Nililiona dirisha la kiunoni na chungu chake, nikageuza uso.

Kisha ngoma zetu zikaanza. Nilikuwa nimesimama kwenye kizuizi cha chuma, karibu kabisa na njia. Nilimwona Yerutí akitokea na bendera, shingo imenyooka. Siku mbili kabla nilikuwa nimemwagiza ampe mtangazaji jina fupi tu, Yerutí Ortellado, yatosha. Kipaza sauti kikakohoa.

"Karumbe! Na mbeba bendera wao, Yerutí Zunilda Ortellado!"

Tulimwita hivyo alipozaliwa, jina la pili likiwa la mama yake wa ubatizo, na kwa miaka mingi hakuna aliyelitumia isipokuwa Zunilda mwenyewe alipotaka kumtania.

"Umempa jina gani yule mtangazaji?" nilimfokea alipofika mbele yangu.

"Langu, mama," akasema bila kusimama.

Ng'ambo ya njia, kwenye viti vya kijani na dhahabu, mwanamke mmoja alikuwa amesimama peke yake, mikono miwili mdomoni. Yerutí alimgeukia, akaiinamisha bendera kidogo, kama tunavyowainamishia watu wa nyumbani, kisha akaendelea. Mimi nilikishika kile chuma mpaka viganja vikaniuma. Nilikuwa nimemfuta kote nilikokuwa na ruhusa, na mwanangu alikuwa anatembea mbele ya mji mzima na jina lile, amezaliwa nalo.